Tembe Nne za Jumatano

Mwanafunzi wa uuguzi alimwaga bahasha mbili kwenye trei ya chuma, kila moja upande wake, kisha akaniangalia bila kusema neno. Tembe ndogo za manjano huku, tembe ndogo za manjano kule. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wodi ya wanawake, hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Kitandani alilala mama wa miaka 67 aliyekuwa ametokwa na damu puani usiku kucha. Mjukuu wake alimwita Shosho, na kufikia saa nne sote tulikuwa tukimwita hivyo.

Nilizihesabu mbili mbili. Upande wa kushoto zilikuwa 80. Upande wa kulia zilikuwa nane.

Mimi ni mfamasia. Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya Shosho na binti yake, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili familia isitambulike. Nakiandika pia kwa sababu dirisha letu la dawa limo ndani yake, na sitaki kukisimulia kama mpita njia.

Mama mboga wa Kayole

Shosho huuza mboga Kayole. Anayeijua Nairobi anajua kwamba kazi ya mama mboga haiishii kwenye kuuza. Mteja akishuka kwenye matatu jioni anataka sukuma wiki yake ikatwe papo hapo, nyembamba, tayari kwa sufuria. Kwa miaka mingi Shosho alisifika kwa wepesi wa kisu. Kisha baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Kila asubuhi viganja vilikuwa vimevimba na kukaza, na alihitaji kuviloweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda mrefu kabla ya kuweza kufunga kifungo cha sweta. Haya hayakuwa maumivu ya uzee ambayo kila mtu huyangoja. Huu ni ugonjwa ambamo kinga ya mwili hugeuka kuvishambulia viungo vyenyewe, na usipotulizwa huvila hadi vidole vikapinda visinyooke tena.

Kliniki ilimwanzishia methotreksati. Dawa hii ina historia ndefu. Mwaka 1948, daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alichapisha matokeo ya dawa ya ukoo huohuo kwa watoto wenye saratani ya damu. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1988, Marekani iliidhinisha methotreksati kwa baridi yabisi. Kwenye saratani hutolewa kwa vipimo vikubwa. Kwenye viungo hutolewa kidogo sana, kwa kawaida kati ya miligramu 7.5 na 25, mara moja kwa wiki.

Mara moja kwa wiki. Naomba msomaji ayashike maneno hayo, maana kisa chote kimo humo. Methotreksati huifunga njia ambayo chembe za mwili hutumia ili kufaidi foliki, vitamini inayohitajika kila chembe inapojigawa. Zinazojigawa kwa kasi ndizo huumia kwanza: chembe za uboho zinazotengeneza damu, za ngozi laini ya mdomo, za utumbo. Siku sita za mapumziko ndizo huzipa nafasi ya kujijenga upya. Tembe arobaini zikinywewa kwa wiki kumi zinaweza kumrudishia mama kisu chake mkononi. Arobaini hizohizo zikinywewa kwa siku kumi zinaweza kumuua.

Shosho aliandikiwa tembe nne za miligramu 2.5 kila Jumatano, pamoja na tembe moja ya foliki kila siku. Dirishani kwetu alipewa methotreksati ikiwa ndani ya pakiti yake, na mwenzangu akaandika juu yake kwa kalamu nzito: JUMATANO. Miezi minne ikapita salama. Vidole vikaanza kufunguka. Binti yake aliniambia kwamba siku moja mama yake alimpigia simu kazini, akasema, "Leo nimekata sukuma mwenyewe," kisha akakata simu.

Siku kumi

Aliporudi kliniki mwezi wa tano, faili ilikuwa ileile lakini daktari alikuwa mwingine. Karatasi mpya ya dawa iliandikwa kwa mkono: MTX (kifupi cha methotreksati), nne, 1/52, jumla 48. Chini yake foliki, moja kwa siku, jumla 90. Miadi ilikuwa baada ya miezi mitatu.

Kwa asiye wa fani, hospitalini huwa tunaandika muda kwa sehemu. 5/7 ni siku tano, 3/12 ni miezi mitatu, na 1/52 ni wiki moja, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Lakini alama hiyo huonyesha urefu wa matibabu, yaani "kwa muda wa wiki moja". Daktari alimaanisha "kila wiki". Kwa dawa nyingi tofauti hiyo ingekuwa usumbufu tu. Kwa methotreksati ni tofauti ya kuwa hai na kufa, na karatasi ile haikuonyesha ni maana ipi iliyokusudiwa.

Karatasi ilifika dirishani kwetu siku ambayo methotreksati ilikuwa imeisha. Nilikuwa zamu. Si mimi niliyemhudumia, lakini nilisimama hatua chache kutoka hapo, na najua aliambiwa nini kwa kuwa ndicho tulichokuwa tukimwambia kila mtu wiki hiyo: "Hakuna, nunua nje." Hatukumwambia kwamba hii ni dawa ya wiki na amkumbushe hivyo mtu wa kemisti. Hatukuandika siku nyuma ya karatasi. Foleni ilikuwa ndefu, ni kweli, lakini kuandika neno Jumatano hakuchukui muda wa kumfanya mtu yeyote anung'unike.

Jumamosi mjukuu wake, kijana wa kidato cha pili, akatumwa kwenye kemisti mjini. Mhudumu alisoma karatasi, akahesabu tembe 48 kutoka kwenye kopo kubwa, akazitia kwenye bahasha ndogo ya kaki. Zile 90 za foliki akazitia kwenye nyingine. Juu ya bahasha ya kwanza akaandika 4×1. Juu ya pili akaandika 1×1.

Sidhani kuna Mkenya asiyeyajua maandishi hayo. 1×3 ni moja mara tatu: asubuhi, mchana, jioni. 2×2 ni mbili asubuhi na mbili jioni. Tumeyakuta tangu utotoni, na hata asiyejua kusoma barua huyaelewa, kwa kuwa ni sarufi ndogo ya dawa inayotumika nchi nzima. Katika sarufi hiyo, 4×1 ina maana moja tu: nne, mara moja kwa siku. Wiki haina mahali pake humo.

Jumatano Shosho alikunywa nne zake kama alivyozoea. Alhamisi jioni mjukuu, ambaye kazi yake nyumbani ni kusoma bahasha za dawa, akasoma, akaleta maji.

"Lakini hizi si ni za Jumatano?" Shosho akauliza.

Kijana akaigeuza bahasha kwenye mwanga. "Wameandika nne mara moja, Shosho."

Binti alikuwa jikoni. "Labda wameongeza, mama. Daktari ndiye anajua."

Shosho akameza.

Mazungumzo hayo nilisimuliwa na binti mwenyewe, akilia, na nimeyarudia akilini mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Kutoka kalamu ya daktari hadi wodini kwetu, neno "wiki" lilipita mikononi mwa watu waliosomea kazi hii, likawaponyoka mmoja baada ya mwingine. Aliyelishika hadi mwisho ni mama mboga ambaye hata bahasha husomewa. Alilisema kwa sauti, nyumbani kwake, kabla ya tembe ya kwanza ya hatari kuingia mdomoni.

Jumatatu mdomo ukaanza kuwasha. Jumanne ulikuwa na vidonda, na hata uji ulimchoma. Akaenda zahanati ya mtaani. Pale walimwona ana homa kidogo na utando mweupe kwenye ulimi, wakampa dawa ya kusukutua na antibiotiki ya Septrin. Hakuna aliyemuuliza anakunywa dawa gani nyingine. Vidonda vya mdomo kwa mtu anayetumia methotreksati ni kengele ya hatari, na Septrin kwa mtu huyohuyo ni mafuta kwenye moto: ndani yake mna trimethoprimu, ambayo nayo huibana njia ileile ya foliki, na dawa hizo mbili pamoja zinaweza kuudhoofisha uboho hata kwa mtu anayefuata kipimo chake vizuri. Wakati huo bahasha zote mbili zilikuwa ndani ya kopo la Blue Band juu ya kabati, umbali wa dakika chache kwa mguu.

Ijumaa usiku damu ikaanza kutoka puani isikatike.

Majibu ya maabara yalitutisha. Chembe nyeupe za damu zilikuwa 0.9, na kwa mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kuwa 4 au zaidi. Chembe za kugandisha damu zilikuwa 18, na kawaida huanzia 150. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 6.8, chini mno. Figo zilikuwa zimechoka. Wenzangu waliwaza saratani ya damu, wakawaza maambukizi mazito. Daktari wa zamu alishaanza kupanga kipimo cha uboho. Mwanafunzi wa uuguzi, ambaye alikuwa katika wiki yake ya tatu wodini, ndiye aliyemwambia binti: "Nenda nyumbani uniletee kila dawa anayokunywa, hata ya kienyeji." Binti akarudi na kopo la Blue Band.

Arobaini na nane, toa nane, ni arobaini. Arobaini kwa nne ni kumi. Kutoka Jumatano hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata ni siku kumi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini foliki aliyokuwa akinywa kila siku haikumwokoa. Foliki ya kawaida lazima ipite kwenye mlango uleule ambao methotreksati imeufunga. Kinachotakiwa ni asidi ya foliniki, ambayo haiuhitaji mlango huo. Tuliipata kwenye stoo ya dawa za saratani. Akaongezewa damu na chembe za kugandisha, akapewa antibiotiki kwa mshipa, na watu wa kanisa lake walipanga foleni kutoa damu. Kwa siku nne hatukujua angeamkia upande gani. Siku ya tano hesabu ya chembe nyeupe ikapanda kidogo. Alilala wodini siku 17.

Neno lilipotelea wapi

Jambo la kwanza ambalo watu huuliza nikisimulia haya ni: nani alikosea? Nalielewa swali hilo. Mwaka 2018 Nairobi ilitikisika habari zilipotoka kwamba mgonjwa amefunguliwa fuvu kwa upasuaji uliokusudiwa mgonjwa mwingine. Wahudumu wakasimamishwa kazi, nchi ikazungumza majina na vyeo kwa wiki nzima. Vitambulisho vya wagonjwa, ambavyo ndivyo vilivyochanganywa, havikuzungumziwa kwa joto hilohilo.

James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza ajali za namna hii kwa mfano wa vipande vya jibini vilivyopangwa pamoja, kila kimoja na matundu yake. Mimi nimekulia chini ya mabati na naielewa hivi: ukilaza mabati makuukuu juu ya mengine, kila moja litakuwa na tundu la msumari, lakini mvua haitaingia ndani mpaka siku matundu yatakapolingana. Ukiliadhibu bati moja hujaziba nyumba.

Tuchukue ile namba 48. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi wazi kabisa. Nne kila siku zingeisha kwa siku 12, na miadi ilikuwa baada ya miezi mitatu. Pembeni yake kulikuwa na 90, ambayo ni moja kwa siku kwa miezi mitatu kamili. Mtu yeyote aliyegawanya namba hizo mbili angeona kwamba hazikai pamoja. Kinga ilikuwepo, lakini hakuna kazi ya mtu iliyosema: gawanya. Dirishani kwetu hatukugawanya kwa kuwa hatukuwa tunatoa dawa. Kwenye kemisti hawakugawanya kwa kuwa namba ilishaandikwa na daktari, na nani abishane na daktari.

Halafu zile tembe zenyewe. Zikiwa ndani ya pakiti, methotreksati na foliki hazifanani. Zikimwagwa kutoka kopo hadi bahasha, zote ni vidude vidogo vya manjano, na aliyezizoea kwa sura hana tena cha kushika. Ulaya walishalifikiria hili. Mwaka 2019, mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza tembe za methotreksati zitoke kwenye chupa na ziwekwe kwenye pakiti ambamo kila tembe imefungwa peke yake, na mgonjwa apewe kadi ya kumkumbusha kwamba ni mara moja kwa wiki. Walifika hapo baada ya msiba mwingi. Uingereza peke yake, taasisi yao ya usalama wa wagonjwa ilipotoa onyo mwaka 2004, ilikuwa imehesabu vifo 25 kutokana na dawa hii katika miaka kumi. Nchi tajiri kuliko yetu ilipoteza watu kwa kosa lilelile la Kayole.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya, kwamba hili ni tatizo la umaskini wetu. Shirika la Afya Duniani husema mgonjwa mmoja kati ya kumi hudhuriwa na huduma yenyewe aliyoifuata, kwamba zaidi ya watu milioni tatu hufa kila mwaka kwa huduma isiyo salama, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Nusu ya hayo yanayozuilika hutokana na dawa. Ndiyo sababu mwaka 2017 shirika hilo liliyafanya madhara ya dawa kuwa changamoto ya dunia nzima, na tangu 2019 tarehe 17 Septemba ni siku ya usalama wa wagonjwa duniani.

Ila tundu moja nalihesabu kuwa letu wenyewe, na ni la lugha. Katiba yetu inaufanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Kisha mgonjwa huyo anatoka hospitalini na 1/52, na kutoka kwenye kemisti na 4×1. Hizo si sentensi za lugha yoyote. Tumemnyima maneno, halafu tunashangaa kwa nini hakuweza kutuuliza.

Na alipouliza, aliuliza nyumbani. Hilo nalo tulitazame bila kumlaumu binti, ambaye ameshajilaumu vya kutosha. "Daktari ndiye anajua" ni maneno tuliyowafundisha sisi. Kila mara mgonjwa alipouliza dirishani akajibiwa kwa mkato, somo hilo lilirudiwa. Karatasi ya dawa haikuwa na namba ya simu ya kliniki. Bahasha haikuwa na namba ya kemisti. Hata kama binti angeacha sufuria akasema, hebu tuulize, angempigia nani Alhamisi saa moja jioni?

Tulichobadilisha, na Ijumaa

Tulikaa kikao cha watu wachache: kliniki, duka la dawa, wodi. Nilimwomba mwanafunzi wa uuguzi awepo, na alizungumza wa kwanza. Tuliripoti kisa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Bodi ya Dawa na Sumu, na niseme hapa kwa kuwa wengi hawajui: hata mgonjwa au jamaa yake anaweza kuripoti humo mwenyewe madhara ya dawa.

Kliniki ilikubali kuacha 1/52 kwa methotreksati. Sasa huandikwa "mara moja kwa wiki" kwa maneno, na siku hutajwa. Dirishani, dawa hiyo ikikosekana, hatumwachi mgonjwa aondoke kabla ya kuandika siku kwa mkono kwenye karatasi yake na kumwomba aturudishie kwa kinywa chake: ngapi, siku gani, na siku nyingine je? Kurudia kwa sauti kunaonekana kitu kidogo. Lakini ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo moyo wake ni watu kusimama na kutamka mambo kwa sauti kabla ya kuendelea, ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwa mmojawapo, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Ifakara si mbali.

Ubishi mkubwa kikaoni ulihusu siku. Huko wanakotumia Kiingereza, baadhi huihofia Jumatatu kwa kuwa kifupi chake, Mon, huweza kusomwa kama "morning", yaani asubuhi. Sisi tuna mtego wetu, na aliyeugundua ni karani wa kliniki. Alisema: siku zetu zina namba ndani yake. Jumatatu ina tatu, Jumanne ina nne, Jumatano ina tano. Mwambie mgonjwa aliyechoka "nne kila Jumatano", halafu mwulize baada ya mwezi kama ni nne au tano. Zaidi ya hayo, siku tano kati ya saba huanza kwa Juma-, na ukifupisha kwa herufi J hujasema kitu. Zinazobaki ni Alhamisi na Ijumaa. Hizo hazina namba inayosikika na hazifanani na jirani zake. Tulichagua Ijumaa, ikaandikwe kwa herufi kubwa na bila kufupishwa.

Nimekuwa kwenye taaluma hii miaka mingi, nimehudhuria semina nyingi za dawa, na sijawahi kusikia jambo hilo. Lilikuwa mdomoni mwetu kila siku.

Kwa wewe unayesoma na una mzazi anayetumia dawa: tembe zikibadilika sura, au idadi ya kunywa ikibadilika bila mtu kueleza kwa nini, asimeze kwanza. Kukosa dozi moja ya methotreksati kwa siku chache hakuwezi kumletea kile nilichokiona wodini. Ukienda kwa mhudumu yeyote, hata kwa jambo dogo kama kidonda cha mdomo, beba dawa zote kwenye mfuko, pamoja na bahasha zake. Na mzee akisema "hizi si zangu" au "hizi si za leo", muache asikilizwe kabla ya bahasha kusomwa.

Shosho hakurudishwa kwenye methotreksati. Anatumia dawa nyingine ambayo ni laini zaidi, na vidole vyake havijafunguka kama vilivyokuwa. Sukuma hukatwa na mjukuu akitoka shule. Kijana huyo haongei sana na mimi. Mara ya mwisho aliniuliza kama foliki ya 1×1 alikuwa ameisoma sawa, nikamwambia aliisoma sawa, na ile nyingine pia aliisoma sawa, kama ilivyoandikwa.

Kwenye kemisti

Baada ya wiki sita nilikwenda mjini, kwenye kemisti ile. Sikwenda na polisi wala barua. Mhudumu ni kijana aliyesomea kazi hii na ana cheti chake ukutani. Nilijitambulisha, nikamweleza polepole. Aliweka kalamu chini.

"Huyo mama yuko hai, Daktari?"

Nilipomwambia yuko hai alikaa kwenye kiti, akashika kichwa. Hakujitetea. Aliniambia kwamba katika miaka miwili amewahi kutoa dawa ya mara moja kwa wiki labda mara mbili au tatu, na kwamba siku nzima mkono wake huandika moja mara tatu, mbili mara mbili, hadi huandika wenyewe. Alisema alipoona 1/52 alifikiri ni wiki moja kisha mgonjwa atarudi kuonwa. Kuhusu 48 alisema aliitoa kwa kuwa iliandikwa.

Kisha akavuta droo, akatoa bunda la bahasha za kaki, mpya, zikiwa bado zimefungwa kwa mpira. Akachomoa moja, akaigeuza kwangu juu ya kaunta. Zilikuwa zimechapishwa tayari. Mstari wa jina. Chini yake: tembe, nafasi tupu, mara, nafasi tupu, kwa siku.

"Kwa siku" ilikuwa imechapishwa kwa wino.

"Sasa ya wiki niandike wapi?" akaniuliza.

Niliitazama bahasha hiyo kwa muda. Niliigeuza upande wa nyuma, ambako hakuna kitu, nikachukua kalamu yake nikaandika: TEMBE NNE. IJUMAA TU. SIKU NYINGINE USINYWE. Aliisoma, akachomoa bahasha nyingine kwenye bunda, akaigeuza nyuma, akaanza kunakili kwa herufi kubwa.